Kuchagua taa za nyumbani: nunua mwanga, usinunue wati

Maswali ni yale yale kila siku. Sebuleni niweke wati ngapi? Nyeupe au ya njano? Mbona nimenunua LED mpya na chumba bado kina giza? Mbona nimezima swichi na taa bado inawaka kwa mbali? Mbona holda hii moja inaua globu kila baada ya miezi miwili na zingine ziko salama? Nimeona bora niandike yote sehemu moja, ili uende dukani ukijua unachokitafuta, manake ukienda hujui, muuzaji atakuchagulia alichonacho kwa wingi na sio kinachofaa chumba chako.

Naandika kwa nyumba zetu za kawaida Tanzania, umeme wa LUKU, volti 230. Mlioko Kenya ni karibu kila kitu kilekile, holda zile zile, sema nyie ni volti 240 na mnanunua tokeni.

Na kitu kimoja nikiseme mapema kwa sababu ndio mzizi wa makosa mengi: wati sio mwanga. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unapimwa kwa lumeni, na imeandikwa kwenye boksi, mara nyingi kwa herufi ndogo "lm". Zamani tulizoea kusema wati kwa sababu globu zote zilikuwa za aina moja, ile yenye waya ndani, kwa hiyo ukisema sitini kila mtu anajua ni mwanga kiasi gani. Sasa hivi LED mbili za wati 9 kutoka makampuni tofauti, moja inaweza kutoa lumeni 600 na nyingine 900. Umeme uleule, mwanga tofauti kabisa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaenda dukani

- Simu au karatasi, utazunguka chumba kwa chumba ukiandika
- Tepu ya kupimia. Kama huna, hatua moja ndefu ya mtu mzima ni kama mita, pungufu kidogo, inatosha kwa kazi hii
- Picha ya kila aina ya holda uliyonayo, au bora zaidi beba globu moja iliyoungua kama sampuli
- Ngazi au stuli imara isiyoyumba
- Testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani (kama huna jirani hakosi)
- Uniti ulizotumia mwezi uliopita, angalau kwa kukadiria

Hatua ya 1: Jua holda zako

Usidhani nyumba nzima ni holda moja. Nyumba nyingi zimejengwa kidogo kidogo na mafundi tofauti, unakuta sebuleni ni za kuzungusha na uani ni za pini.

Za pini, zile unabonyeza halafu unazungusha kidogo, kwenye boksi zinaandikwa B22. Za kuzungusha zenye nyuzi za kawaida ni E27. Za kuzungusha nyembamba, ambazo utazikuta kwenye taa za ukutani na za urembo zinazoning'inia, ni E14. Zile spotilaiti ndogo za kwenye jipsam zenye miguu miwili minene unayozungusha ni GU10, hizo ni za umeme wa kawaida wa 230. Kuna nyingine zinafanana nazo ila zina sindano mbili nyembamba, hizo mara nyingi ni za volti 12 na juu ya dari kuna kitransfoma chake, usizichanganye.

Tyubu nazo: fupi ni sentimita 60, ndefu ni 120. Kama unataka kuhama kutoka tyubu ya zamani kwenda ya LED, soma kwenye boksi inavyofungwa, manake nyingine zinataka stata na choki (vile vifaa vinavyoiwasha tyubu ya zamani) vitolewe na waya ziunganishwe upya, nyingine zinakuja na stata yake ya bandia. Hapo muite fundi, sio kazi ya kubahatisha. Faida yake ipo kwa kweli, LED ya wati 18 inashika nafasi ya tyubu ya futi nne ya wati 36, na choki yenyewe ilikuwa inakula umeme wake pembeni.

Na zile paneli za duara zilizozama kwenye jipsam, za wati 6, 12, 18, hazina globu ya kubadilisha. Zina draiva yake juu, kiboksi kidogo kinachobadilisha umeme wa nyumba uwe unaoifaa LED. Ikizima, mara nyingi ni draiva imekufa na taa yenyewe ni nzima, mwambie fundi apime kabla hujanunua seti nzima. Ukinunua mpya pima kipenyo cha tundu, sio kipenyo cha uso wa taa, watu wengi wanarudi dukani kwa hili.

Hatua ya 2: Hakikisha ni umeme gani

Hii nimeiweka peke yake kwa sababu ni ya hatari. Nyumba nyingi sasa zina LUKU na sola kwa pamoja, na globu za sola za volti 12 DC zinatengenezwa kwa pini na nyuzi zilezile za B22 na E27, ukiziweka mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho mpaka usome maandishi. Ukiifunga ya volti 12 kwenye umeme wa 230 inaungua papo hapo na inaweza kupasuka. Ukifanya kinyume, ya 230 kwenye sola, haiwaki tu, basi unaanza kulaumu betri.

Kama una mifumo yote miwili, chukua maka peni andika "12" kwenye kitako cha kila globu ya sola siku unayoinunua. Na holda za sola uzifunge za aina tofauti na za LUKU, kama za LUKU ni pini basi za sola ziwe za kuzungusha, hapo hata mtoto au dada wa kazi hawezi kukosea.

Kingine, angalia volti zenu zinashuka kiasi gani. Kama uko mwisho wa laini, jioni watu wote wakiwasha pasi na majiko unaona taa zinalegea, tafuta LED yenye wigo mpana, boksi litaandika kitu kama AC 85–265V au 165–265V. Iliyoandikwa 220–240V tu inaweza kuanza kupepesa au kugoma kabisa volti zikishuka. Mi naona kwa maeneo mengi ya vijijini na pembeni ya mji hiki ni kigezo kikubwa kuliko hata jina la kampuni.

Hatua ya 3: Pima chumba, pata lumeni

Zidisha urefu kwa upana upate mita za mraba. Halafu zidisha kwa namba ya chumba husika:

- Chumba cha kulala: lumeni 120 kwa kila mita ya mraba
- Sebule: 150
- Jiko: 250 (kuna visu na moto, usibane hapa)
- Choo na bafu: 150
- Korido, ngazi, baraza: 75

Mfano, chumba cha mita 3 kwa 3 ni mita za mraba 9, mara 120 unapata 1080. LED moja nzuri ya wati 11 au 12 inafika hapo. Sebule ya 4 kwa 5 ni 20, mara 150 ni 3000. Sasa hapa ndipo watu wanapokosea, wanatafuta globu moja kubwa ya wati 30 wanaipiga katikati, matokeo yake katikati kunaumiza macho na kwenye kochi la pembeni huoni kusoma hata meseji. Gawanya hizo lumeni 3000 kwa taa tatu za lumeni 1000, mbili juu na moja ya ukutani au ya kusimama pembeni, mwanga unatulia na ukiwa unaangalia tivii unawasha moja tu.

Jiko la mita 2.5 kwa 3 linakuja kama 1875, yaani mbili za wati 9 au 10. Na moja ya hizo ikae juu ya sehemu unayokatia, mbele yako, kwa sababu taa ikiwa nyuma yako kivuli chako mwenyewe kinaangukia kwenye kitunguu. Meza ya mtoto ya kusomea vilevile, mwambie fundi au weka taa ya mezani, itokee upande wa kushoto kama anaandikia mkono wa kulia.

Hizo namba ni za chumba chenye dari nyeupe na kuta za rangi hafifu. Kama hakuna dari unaona mabati na mbao, au kuta hazijapakwa rangi bado ni tofali na plasta, ongeza nusu tena, mwanga mwingi unapotelea juu. Kabla ya kuongeza globu wakati mwingine ni bora kupaka chokaa nyeupe ukutani, unapata mwanga bila kuongeza hata uniti.

Kwa waliozoea globu za zamani, hesabu ya haraka ni hii: sitini ya zamani ni lumeni kama 800, LED wati 8 au 9. Arobaini ni kama 450, LED wati 5. Mia moja ni kama 1500, LED wati 14 au 15.

Hatua ya 4: Chagua rangi ya mwanga

Kwenye boksi kuna namba yenye K mwisho. Namba ndogo ni njano, namba kubwa ni nyeupe inayoelekea bluu. 2700K hadi 3000K ni njano tulivu, boksi litaandika "warm white". 4000K ni nyeupe ya katikati. 6500K ni nyeupe kali, inaandikwa "daylight" au "cool daylight", na ndiyo imejaa madukani kwetu.

Najua wengi wanapenda 6500K kwa sababu inaonekana "inawaka sana". Maoni yangu ni kwamba tumeizidisha. Ukiiweka nyumba nzima, sebule inafanana na chumba cha sindano, sura za watu zinapauka, na usiku haikupi usingizi kwa sababu ina bluu nyingi na bluu inauambia mwili kwamba bado ni mchana. Mi ningepanga hivi: chumba cha kulala na sebule 3000K, jiko, bafu na meza ya kusomea 4000K, na hiyo 6500K ibaki stoo, gereji au dukani kwako kama una fremu. Ni swala la ladha ila jaribu 3000K chumbani kwa wiki moja kabla hujakataa.

Nje weka njano bila kujadiliana. Wadudu wanafuata zaidi mwanga wenye bluu, ndio maana msimu wa mvua kumbikumbi wanajaa barazani kwenye taa nyeupe halafu mabawa yanabaki kila mahali. Ya njano haiwamalizi ila inawapunguza sana.

Kosa la kuepuka: kuchanganya rangi kwenye chumba kimoja. Ukinunua taa tatu za sebule nunua zote siku moja, kampuni moja, namba moja ya K, na moja ya akiba. Ukija kununua moja baadae utaona imepishana na zenzie na macho yatakuwa yanaenda hapo hapo kila siku.

Kuna namba nyingine ndogo, Ra au CRI. Hii inaonyesha taa inavyotoa rangi halisi ya vitu. 80 inatosha kwa nyumba. Kama wewe ni fundi cherehani, unapaka watu mekap, au unauza nguo nyumbani, tafuta 90 na kuendelea, la sivyo uzi wa bluu ya giza na mweusi utauona sawa usiku na asubuhi mteja anakurudishia gauni.

Hatua ya 5: Angalia taa itaishi wapi

LED haipendi joto. Globu yenyewe haichomi kama ya zamani lakini kule kwenye kitako ndiko kuna vifaa vya elektroniki, na vikipikwa vinakufa mapema. Kwa hiyo ukiifungia ndani ya kava la kioo lililozibwa pande zote, au juu kabisa karibu na bati bila dari, hesabu kwamba haitafika umri ulioandikwa. Dawa ni kutumia wati ndogo (mbili za 7 badala ya moja ya 15), au kava lenye nafasi ya hewa, au taa ambayo boksi lake linasema inafaa kwenye kava lililofungwa.

Bafuni na nje angalia namba ya IP, inayoonyesha taa inavyozuia vumbi na maji. IP44 inavumilia maji ya kurukaruka. Ukutani nje panapopigwa na mvua ya upepo nenda IP65. Hii ni ya taa nzima na kava lake, globu ya kawaida ya ndani usiitundike nje hivi hivi kwenye holda iliyo wazi hata kama jirani kafanya na haijamtokea kitu.

Kama una swichi ya kuzungusha ya kupunguza mwanga, lazima globu iwe imeandikwa "dimmable". Isiyoandikwa itapepesa, italia, halafu itakufa.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya LUKU

Hii nataka uifanye kwa kalamu, sio kichwani, ndio utaelewa kwanini nasisitiza.

Globu ya zamani ya wati 60 ikiwaka masaa 5 kwa siku inakula uniti 9 kwa mwezi. Ukiwa nazo sita ni uniti 54. LED sita za wati 9, mwanga uleule, masaa yaleyale, ni uniti 8 na kidogo. Tofauti ni karibu uniti 46 kila mwezi. Kwa aliye kwenye T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, ambapo uniti inafika kama shilingi 350 na kitu ukiweka na kodi, hiyo ni zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi.

Lakini wanaoguswa zaidi ni wale wa D1, ile tarifu ya matumizi madogo yenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Fikiria, globu sita tu za zamani zinakumalizia 54 kati ya 75, bado friji, tivii, pasi. Ukivuka unaanza kulipia bei ya juu na ukizoea kuvuka unaweza kuhamishwa. Familia inaweza kubaki D1 au kutoka kwa sababu ya taa tu.

Anza na taa zinazowaka muda mrefu. Ya nje inayokesha masaa 12 ikiwa ya wati 60 inakula uniti 21 na nusu kwa mwezi, ikiwa LED ya 9 ni uniti 3 na kidogo. Hiyo badilisha leo. Ya stoo inayowashwa dakika tano kwa siku iache mpaka iungue yenyewe.

Hatua ya 7: Dukani

Nenda mchana, usiwe na haraka, iwe Kariakoo au duka la vifaa vya umeme la mtaani kwenu. Chukua boksi ulisome kabla hujauliza bei.

Gawanya lumeni kwa wati. LED za kawaida zinatoa lumeni 80 hadi 110 kwa wati moja. Boksi likisema wati 9 lumeni 2000, hilo linakudanganya, rudisha. Boksi lisiloandika lumeni kabisa, rudisha. Lililoandikwa tu "wati 9 = wati 100", rudisha, kwa sababu wati 9 nzuri ni kama sitini ya zamani na sio mia.

Masaa ya kuishi: 15,000 ni ahadi ya kawaida kwa globu nzuri, kwa masaa 5 kwa siku hiyo ni miaka 8. Ukiona 50,000 kwenye globu ya bei chee jiulize nani ameisubiri. Warranti ya mwaka mmoja au miwili kutoka dukani, imeandikwa kwenye risiti, ina thamani kuliko namba hiyo. Dai risiti na tunza boksi.

Halafu mwambie akuwashie. Karibu kila duka lina kibao chenye holda za kujaribia. Ikiwaka, fungua kamera ya simu, weka video ya slow motion kama ipo, elekeza kwenye taa. Ukiona mistari myeusi inatembea au mwanga unapigapiga sana, draiva yake ni ya hovyo, itakuchosha macho hata kama huoni kwa macho ya kawaida. Shika kitako pia, kikilegea au kikizunguka peke yake usichukue.

Usinunue dazeni kwa mara ya kwanza. Chukua moja ya kila aina, kaa nayo nyumbani usiku mmoja au miwili, ikikupendeza ndio urudi kuchukua zilizobaki.

Hatua ya 8: Kufunga

1. Zima meni swichi. Sio swichi ya ukutani peke yake, kwa sababu kuna nyumba fundi aliweka swichi kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaouleta), taa inazima lakini holda bado ina umeme. Watu wamepigwa shoti hivi.
2. Subiri ya zamani ipoe. Panda ngazi ukiwa mkavu, na viatu.
3. Iliyopasuka usiishike kwa mkono, tumia koleo lenye mpini wa mpira na meni ikiwa imezimwa.
4. Angalia holda ndani. Kama kuna weusi wa kuungua, plastiki imekauka inapukutika, au zile pini mbili za ndani hazirudi ukizibonyeza, badilisha holda kwanza. Globu mpya kwenye holda mbovu ni hela imetupwa.
5. Shika globu kwenye kitako chake, sio kwenye kile kibakuli cheupe, kitachomoka mkononi. Ya pini bonyeza na zungusha mpaka ikae, ya nyuzi zungusha mpaka ishike basi, usikaze kwa nguvu zote.
6. Washa meni, washa taa, iache saa moja halafu usikilize kama inalia na unuse kama kuna harufu.

Kuhusu zile za kuchaji

Zile globu zenye betri ndani zinazowaka umeme ukikatika ni nzuri, ila zifahamu. Swichi ya ukutani lazima ibaki imewashwa ndio zifanye kazi, ukizima swichi zinaelewa kwamba umetaka giza. Na zinagundua umeme umekatika kwa "kuhisi" vifaa vingine vilivyounganishwa nyumbani, kwa hiyo kama kila kitu kimechomolewa inaweza isiwake, sio kwamba ni mbovu. Weka mbili au tatu tu, korido, jikoni na chooni. Chumba kizima kuzijaza ni gharama bure, zikiwa kwenye betri zinawaka kwa mwanga mdogo. Kabla ya kuitegemea iache iwake kwenye umeme masaa kadhaa ijae, na kama hamjakatiwa muda mrefu ichomoe mara moja moja uitumie kama tochi ili ujue betri bado ipo.

Ikisumbua

*Imezimwa lakini inawaka kwa mbali.* Angalia kama swichi ina kile kitaa kidogo cha kuonyesha, hicho kinapitisha umeme kidogo na LED inatosheka nao. Kama hakina, chukua testa, huenda swichi iko kwenye nyutro. Muite fundi ahamishe, hili ni la usalama sio la mwanga tu.

*Inapepesa.* Ijaribu kwenye holda nyingine. Ikitulia, tatizo ni holda au waya umelegea. Ikiendelea kupepesa popote ni globu. Ikiwa zote nyumbani zinapepesa jioni tu, ni volti, rudi hatua ya 2.

*Sehemu moja inaua globu kila mara.* Joto la kava, au kiungo kilicholegea kinachotoa cheche ndogo ndogo. Zima meni, fungua holda, angalia waya.

*Chumba kimoja taa zinawaka kali kupita kiasi na kingine zimelegea, kwa wakati mmoja.* Hapa usijaribu chochote. Kwa nyumba ya fezi tatu hii ni dalili ya nyutro kukatika, volti zinaweza kupanda na kuchoma friji na tivii. Zima meni mara moja, chomoa vifaa, piga TANESCO na fundi.

*Redio inakwaruza taa ikiwaka.* Draiva ya bei rahisi inatoa kelele za umeme. Hamisha redio mbali, au badilisha hiyo globu.

*Ni mpya, lumeni ziko sawa, bado kuna giza.* Futa kava, vumbi na wadudu waliokufa wanakula mwanga mwingi kuliko unavyodhani. Halafu angalia rangi ya kava lenyewe, na kama taa imefichwa nyuma ya boriti.

*Enaji seva ya zamani imepasuka.* Zile za bomba zilizojipinda zina zebaki kidogo ndani, LED haina. Toa watoto chumbani, fungua madirisha, toka nje dakika 10 hadi 15. Usifagie kwa ufagio, utasambaza. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, unga uliobaki ubandue kwa selotepu, futa kwa kitambaa kibichi, vyote viingie kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko au mifuko miwili iliyofungwa, nawa mikono. Na zile nzima ulizozitoa usizitupe kwenye shimo la taka la kuchomea uani, zifunge kwenye boksi lake uulize dukani au halmashauri yenu zinapokelewa wapi.